Nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, Pemberton: sakafu iliyolala, mianya, na ushauri wa zege

Swali: "Mimi na mume wangu asili yetu ni Kigoma, sasa tunaishi Perth. Tumeona nyumba inauzwa Pemberton, kusini mwa Australia Magharibi. Dalali anasema ni nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao ya miaka ya 1910. Bei inavumilika. Lakini sakafu imelala upande mmoja, mlango wa jikoni unakwaruza chini, mbao za ukutani zina mianya mpaka mwanga unapita, na chini ya nyumba kuna vipande vya miti badala ya msingi. Shemeji yangu ni fundi wa matofali. Ametushauri tumwage zege kuzunguka chini yote, tuzibe mianya kwa silikoni, tupige rangi, yaishe. Mume wangu anasema nyumba ya mbao ya miaka mia ni ya kubomoa. Nani yuko sahihi? Na hiyo historia ni ya kweli au ni maneno ya dalali?"

Ndugu msomaji, naona maswali yako ni mawili: kama mtanunua mzigo au nyumba, na kama mtaanza kwa kuirekebisha au kuiharibu. Mume wako na shemeji yako wote wanaipima kwa kipimo cha nyumba ya tofali, na hapo ndipo wanapopotea. Huko kwetu nyumba ya mbao huonekana kibanda cha kupita, kwa hiyo siwalaumu. Ila ushauri wa shemeji ndio wenye hatari zaidi, maana ukibomoa unajua umebomoa. Ukizungushia zege utakaa miaka mitano ukidhani umetengeneza.

Historia kwanza, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini nyumba iko hivyo.

Dalali anaweza kuwa anasema kweli. Mwaka 1912 serikali ya jimbo ya chama cha Labor, chini ya John Scaddan, ilianzisha viwanda vyake vya kupasua mbao. Biashara ya mbao wakati huo ilikuwa imeshikwa kwa kiasi kikubwa na kampuni ya Millars, iliyotokana na kuunganishwa kwa makampuni kadhaa mwaka 1902. Kulikuwa pia na mteja mkubwa: reli ya kuvuka bara kutoka Port Augusta hadi Kalgoorlie, karibu kilomita 1,700, iliyojengwa kati ya 1912 na 1917 na iliyohitaji mataruma bila kikomo. Kiwanda namba 1 kikawekwa karibu na Manjimup, na namba 2 na 3 Pemberton, mwaka 1913, katikati ya msitu wa karri, mti mkubwa wa jamii ya mkaratusi. Mji haukuwepo, kwa hiyo kiwanda kilijijengea mji: nyumba za wenye familia kwa safu, vibanda vya wanaume wasio na wake, na bweni lenye huduma ya chakula. Nyumba ilikuwa mali ya kiwanda. Kodi ilikatwa kwenye mshahara, na kazi ikiisha na nyumba imeisha. Viwanda hivyo vya serikali viliuzwa kwa kampuni ya Hawker Siddeley mwaka 1961, na baada ya muda nyumba zikaingia mikononi mwa watu binafsi.

Kutokana na hayo, nyumba hizi zina sura inayofanana. Kwa kawaida ni vyumba 4 vya mraba vilivyobanana, baraza mbele, paa la mabati lenye mteremko mkali kiasi, na nyuma kibanda cha mteremko mmoja kilichobeba jiko la kuni. Jiko liliwekwa pembeni kwa hofu ya moto. Choo na mahali pa kufulia vilikuwa uani, mbali na nyumba. Ukikuta bafu ndani leo, mara nyingi ni sehemu ya baraza la nyuma iliyozibwa baadaye, na hapo ndipo pa kukagua kwa jicho kali, kwa sababu mafundi wa nyongeza hawakuwa na uangalifu wa mafundi wa mwanzo.

Unaweza kuthibitisha umri mwenyewe bila karatasi. Panda darini na tochi, umulike mbao za kenchi na upande wa nyuma wa nguzo za ukuta, zile nyuso ambazo hazikupigwa randa. Msumeno wa duara wa kiwanda cha zamani uliacha mikwaruzo iliyopinda, nusu duara moja baada ya nyingine. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mkanda zina mikwaruzo iliyonyooka. Ukiona mikwaruzo iliyopinda kwenye fremu yote, na nyongeza ya nyuma tu ndiyo ina mbao zenye mikwaruzo iliyonyooka au mbao laini za msonobari, basi umeshasoma nyumba ilivyokua. Kisha ingia kwenye kanzidata ya urithi ya jimbo iitwayo inHerit, utafute Pemberton. Kuna nyumba za wafanyakazi hapo zilizoandikwa kama eneo la urithi. Kama yako ni mojawapo, mabadiliko ya nje yatahitaji kibali, na hilo ulijue kabla ya kuweka saini.

Sasa mianya, iliyokutia hofu.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mbao mbichi, zilizotoka kwenye msumeno zikapelekwa kupigiliwa. Haukuwa uzembe. Jarrah (mkaratusi mwingine wa huko) na karri zikikauka zinakuwa ngumu kiasi kwamba msumari unapinda, kwa hiyo fundi alipigilia zikiwa na maji, kisha akaziacha zikaukie mahali pake. Kukauka maana yake ni kusinyaa. Kwa upana, ubao wa jarrah hupoteza hadi karibu asilimia 7, karri hata asilimia 10. Ubao wa sakafu wa milimita 150 unaweza kupungua milimita 10 na zaidi. Mianya mingi unayoiona ilijitokeza miaka michache ya mwanzo na imekaa hivyo miaka mia. Si dalili kwamba nyumba inakufa.

Mbao za ukutani zililaliana kama magamba ya samaki: ubao wa juu unafunika wa chini kwa milimita 25 hadi 35. Chunguza misumari yake. Kila ubao umepigwa msumari mmoja tu kwenye kila nguzo ya ukuta, karibu na ukingo wake wa chini, juu kidogo ya pale ubao wa chini unapoishia. Msumari haupiti kwenye mbao mbili. Ubao wa chini umebanwa na wa juu bila kufungwa nao, kwa hiyo kila mmoja unatanuka majira ya mvua na kusinyaa kiangazi bila kuvutana na mwenzake. Fundi wa kisasa akiona ubao umelegea huongeza msumari katikati ya mlalo, yaani pale mbao mbili zinapolaliana. Msumari huo unapita mbao zote mbili, na kiangazi kikifika ubao unapasuka kwa urefu. Ukikuta nyufa ndefu zinazofuata mstari wa misumari, umepata mkosaji.

Silikoni inafanya kosa hilohilo, na inaongeza jingine. Ukuta wa aina hii kwa kawaida hauna utando wa kuzuia maji nyuma ya mbao. Pemberton hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Mei na Septemba, na mvua ya upepo huingiza maji kidogo nyuma ya ubao. Hilo lilitarajiwa. Maji hushuka ndani, hutokea chini ya mlalo, na upepo unaopita hukausha mabaki. Ziba mlalo kwa silikoni, na maji yaliyoingia juu hayana pa kutokea. Ubao unaanza kuoza kutoka nyuma, rangi inavimba mapovu, na wewe unaongeza silikoni. Kwa hiyo mlalo usizibwe kamwe. Sehemu za kuziba ni chache: pembeni mwa fremu za madirisha na milango, mahali bomba linapopita ukutani, na ubao uliopasuka au kukatika. Ubao ulioharibika unabadilishwa, tena ule tu. Ingiza kipande chembamba cha chuma chini ya ubao wa juu, ukate msumari kwa bleti ya msumeno wa chuma, utelezeshe ubao nje. Ubao mpya uwe na umbo lilelile, upakwe rangi ya msingi pande zote pamoja na ncha zilizokatwa, na utobolewe kwa keekee kabla ya msumari. Jarrah kavu isiyotobolewa itapasuka ncha, au itakupinda misumari yote.

Mianya ya sakafu nayo usiijaze puti ngumu. Majira yakibadilika mbao zitaitema vipande vipande. Baridi ikikusumbua, weka sufi ya kuzuia baridi chini, kati ya mihimili midogo ya sakafu, ya aina inayopitisha mvuke, ikishikiliwa na kamba au wavu. Inafaa kuliko puti, na haionekani.

Tuje chini ya nyumba, maana huko ndiko bei ya kweli ya nyumba inakojulikana.

Vile vipande vya miti ni nguzo fupi, kwa kawaida za jarrah, zilizochimbiwa ardhini. Nyumba ya vyumba 4 inaweza kuwa nazo 30 hivi. Juu yake kuna mihimili mikubwa, juu ya hiyo mihimili midogo, kisha mbao za sakafu. Wajenzi walichagua mti kwa makusudi. Jarrah inavumilia udongo na mchwa. Karri ni imara na hutoa mbao ndefu zilizonyooka, nzuri kwa fremu na paa, lakini ikigusa udongo mchwa wanaimaliza. Mataruma ya karri yenyewe ilibidi yachemshwe kwenye mchanganyiko wa molasi na aseniki ndipo yafae kwa reli. (Ukikuta mataruma ya zamani uani, usiyachome na usiyatumie kuotesha mboga.) Ukitaka kujua nguzo yako ni mti gani, chonga kijiti chenye ukubwa wa njiti ya kiberiti kutoka sehemu kavu, ukiwashe, ukiache kiungue hadi mwisho. Karri huacha jivu jeupe. Jarrah huacha kaa jeusi. Maseremala wa huko wametumia jaribio hilo kwa vizazi.

Hata jarrah huoza, na huozea mahali pamoja: pale udongo unapokutana na hewa. Kuvu anayeozesha mti anahitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini sana ardhini hewa ni haba, juu kabisa ni pakavu. Katikati, kwenye sentimita 10 au 15 za mstari wa ardhi, anapata vyote. Kwa hiyo nguzo inaonekana nzima juu kumbe kiunoni imebaki kijiti. Jaribio lake ni rahisi: fukua udongo sentimita 10 kuizunguka, kisha sukuma bisibisi ya bapa. Ikiingia zaidi ya milimita 10 kwa mkono tu, iandike kwenye orodha ya kubadilishwa. Gonga pia kwa nyundo, kwani mlio wa uwazi maana yake moyo wa mti umekwisha.

Nguzo chache zikikatika kiunoni nyumba inashuka upande huo. Sakafu inalala, fremu ya mlango inakuwa msambamba badala ya mstatili, na mlango wa jikoni unakwaruza. Jikoni huanza mapema kwa sababu kuna maji ya sinki na mfereji wa paa uliovunjika juu yake. Kagua mfereji huo kabla ya kugusa nguzo yoyote. Ukibadilisha nguzo na kuacha maji yakidondoka palepale, utarudi tena.

Hapa ndipo zege la shemeji lingefanya madhara makubwa. Ukuta wa zege au tofali kuzunguka chini unazuia upepo unaokausha udongo na mihimili, unavuta unyevu hadi kwenye mbao za chini, na unawapa mchwa ngazi iliyofichika. Mchwa wa Australia hupanda kwa vijia vya udongo kama wa kwetu. Kofia za bati utakazoziona juu ya nguzo haziwazuii. Kazi yake ni kuwalazimisha wajenge kijia kuizunguka, mahali unapoweza kukiona. Ukifunika chini, umejifumba macho. Nafasi kati ya udongo na mhimili ibaki milimita 400 ili mtu aweze kutambaa na kukagua. Pale udongo, kuni au maua yamerundikana ukutani, ondoa. Kazi hiyo ni ya koleo na Jumamosi moja, na faida yake inazidi ya rangi yote mnayopanga kununua.

Kubadilisha nguzo ni kazi ya kawaida, lakini inaharibika kwa haraka. Mpango wenyewe uko hivi. Chora ramani ya nguzo zote na uzipe namba. Pima usawa kwa mpira wa maji au kwa leza, uandike kila nguzo imeshuka milimita ngapi kuliko ile ya juu kabisa. Ondoa ubao mmoja wa ndani karibu na mlango unaokwaruza uone kama fremu imeachana. Weka jeki chini ya mhimili mkubwa, juu ya kipande cha mbao nene cha sentimita 30 kwa 30, kamwe si juu ya udongo mtupu. Inua milimita 3 hadi 5 kwa siku, usizidi. Nyumba imechukua miaka hamsini kushuka. Ukiinua sentimita 4 mchana mmoja, misumari itang'oka, mabati yataachia, bomba la maji litakatika na vioo vitapasuka. Nguzo mpya inaweza kuwa ya jarrah ya milimita 100 kwa 100, ya chuma kilichopakwa zinki, au ya zege, ikikaa kwenye shimo la kina kama milimita 450 lenye kitako cha zege chini. Kipimo kamili kitatokana na udongo wa hapo. Badilisha moja moja au mbili, usiache safu nzima ikining'inia kwenye jeki. Kofia mpya ya bati iwekwe juu ya kila nguzo.

Tena, usitafute usawa kamili. Milango ikifunga na maji yakitiririka kuelekea yanakotakiwa, simama. Nyumba iliyolazimishwa kuwa sawa kabisa huwa imevunjwa mahali pengine.

Je, inafaa kununua? Kwa maelezo yako, sioni jambo la kuwakimbiza. Sakafu iliyolala, mlango unaokwaruza na mianya ni dalili za nguzo na mfereji. Kinachoweza kunifanya niseme acheni ni mihimili mikubwa iliyooza kwa urefu mkubwa, mchwa hai ndani ya fremu ya ukuta, au nyongeza ya nyuma isiyo na kibali inayoshikilia paa la nyumba ya zamani. Lolote kati ya hayo lina thamani ya kupunguza bei, na mawili kwa pamoja yana thamani ya kuondoka. Hesabuni pia moto wa msituni. Yarloop, mji mwingine wa mbao kaskazini ya hapo, uliungua karibu wote Januari 2016. Makaa yanayopeperuka huingia chini ya sakafu na kwenye mianya ya paa, kwa hiyo wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2 pande zote za chini unafanya kazi mbili: unazuia makaa na unaruhusu upepo. Ndicho alichotaka shemeji, bila zege. Mwambieni kwa upole.

Mambo matatu msiyaguse wenyewe. Mbao za kuta za ndani huenda zimefunikwa kwa shiti tambarare za kijivu zilizowekwa miaka ya baadaye, hasa jikoni na bafuni. Chukulieni ni asbesto mpaka maabara ikatae. Msizikate, msizitoboe, msizikwangue. Katika jimbo hilo, kuondoa zaidi ya mita 10 za mraba kunahitaji mtu mwenye leseni, na hata chini ya hapo nisingekushauri ukiwa na watoto ndani. La pili ni rangi ya zamani. Nyumba ya kabla ya 1970 ichukulieni kuwa ina risasi, kwa hiyo hakuna kukwangua kwa msasa mkavu wala kuchoma kwa tochi ya gesi. Nunua kitambaa cha kupimia, na kama ipo, kazi ifanywe kwa maji na plastiki chini. Umeme ndio wa tatu, na ni wa fundi mwenye leseni peke yake. Muuzaji anatakiwa awe ameweka vikata-umeme vya usalama visivyopungua viwili kabla ya nyumba kubadilisha mikono, kwa hiyo ulizeni.

Kabla ya saini, lipieni ukaguzi wa aina mbili: wa jengo na wa wadudu wa mbao. Ni kazi tofauti, na ripoti ya kwanza haifuniki ya pili. Mchague mkaguzi mwenyewe, si yule aliyependekezwa na dalali, na umwulize kwa simu kama ataingia chini ya sakafu kwa kutambaa. Akisema anaangalia kwa tochi kutoka nje, tafuta mwingine. Ukikuta kijia cha mchwa wewe mwenyewe, usikivunje wala usipulizie dawa ya dukani. Watahamia mahali pengine ndani ya nyumba, na mtaalamu atakosa njia ya kuifikisha dawa kwenye kichuguu chao. Mhandisi mwiteni kama nguzo zaidi ya theluthi zimeingia kwenye orodha yenu, au kama mhimili mkubwa unabonyea kwa bisibisi. Halmashauri ya Manjimup ndiyo yenye mamlaka ya Pemberton. Wapelekeeni ile ramani ya nguzo mkiomba kibali, na muwaulize hapohapo kama nyumba iko kwenye orodha ya urithi.